Juba itunze mji wake wa kale kabla mabango hayajaumeza

Juba ni makao makuu ya nchi changa kuliko zote duniani, na kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba mji wenyewe hauna chochote cha kale kinachofaa kutunzwa. Mwambie mfanyabiashara aliyewasili juzi kutoka Eldoret au Arua kwamba kuna mji wa kale hapa, naye atacheka na kukuuliza uko wapi. Swali lake ni la haki kabisa, kwa maana mji huo hauonekani. Umefunikwa.

Umefunikwa na vibao vya maduka, mabango ya kampuni za simu, turubai za plastiki zilizochapishwa majina ya biashara, na rangi za matangazo zilizopakwa kuanzia msingi hadi chini ya paa. Nyuma ya vitu hivyo kuna mawe, nguzo na baraza za majengo yaliyojengwa katika miaka ya 1930 na 1940. Maoni yangu ni kwamba Baraza la Jiji la Juba, lililoundwa mwaka 2011, lingetunga sheria ndogo ya kudhibiti vibao na matangazo katika mitaa michache ya katikati ya mji, na lifanye hivyo wakati majengo yenyewe bado yamesimama.

Yafaa tukumbushane mji huu ulitoka wapi. Hapa palikuwa na kijiji cha Wabari, na katika miaka ya 1920 na 1921 palikuwa na misheni ya Kianglikana pamoja na shule ya Nugent. Kufikia mwisho wa mwongo huo watawala Waingereza waliwaamuru Wabari wahame ili pajengwe makao mapya ya Mkoa wa Mongalla. Mwaka 1927 ujenzi ulikuwa umepamba moto. Wafanyabiashara wa Rejaf walihamia mwaka 1929, na ofisi ya gavana ikafuata mwaka 1930.

Wengi wa waliojenga maduka na maghala ya mawe walikuwa Wagiriki, waliokuja kuliuzia jeshi na serikali ya kikoloni bidhaa. Hawakuwahi kuwa wengi, lakini alama waliyoiacha ni kubwa kuliko idadi yao. Majengo yaliyokuja kukaliwa na Buffalo Commercial Bank, Nile Commercial Bank na Ivory Bank, lile la zamani la Sudan Airways, na ghala lililogeuka kuwa mkahawa wa Notos, yote husemwa kuwa kazi ya mikono yao. Juba Hotel ni ya katikati ya miaka ya 1930, na jengo la benki kuu ni la katikati ya miaka ya 1940. Mtaa wao mdogo ndio leo uitwao Hai Jalaba, na jina lenyewe ni historia: jalaba ni wachuuzi waliotoka kaskazini mwa Sudan. Mgiriki alijenga, mchuuzi wa kaskazini akaupa mtaa jina, naye Mbari ndiye mwenye ardhi chini yao wote. Mji huu huu ndio uliokuwa mwenyeji wa Mkutano wa Juba wa tarehe 12 na 13 Juni 1947, uliojadili kama Kusini iunganishwe na Kaskazini. Matokeo ya mashauri yale yalimwaga damu kwa zaidi ya nusu karne.

Sasa, mtu atauliza: kibao kinalidhuru vipi jengo la mawe? Si kitu cha kutundikwa tu, kesho kikaondolewa?

Laiti ingekuwa hivyo. Bango kubwa halitundikwi kwa uzi. Hutobolewa mashimo ukutani, vyuma vikapigwa nati katikati ya mawe, na kila mpangaji mpya hutoboa mashimo yake pembeni mwa yale ya mwenzake. Maji ya mvua huingia humo. Rangi ya mafuta inayopakwa juu ya mawe au lipu ya kale huziba pumzi ya ukuta, unyevu ukabaki ndani, na baada ya misimu michache lipu huanza kubanduka kama ganda la kitunguu. Baraza zilizojengwa ili upepo upite na kivuli kiwe kirefu huzibwa kwa mabati ili papatikane nafasi ya jina la kampuni. Mji huu una joto kali. Anayeziba baraza ameongeza joto dukani mwake, kisha hununua jenereta ya kuendesha mashine ya kupoza hewa ambayo Mgiriki wa mwaka 1935 hakuihitaji.

Baya zaidi ni kwamba jengo lililofunikwa halitengenezwi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa uliofunikwa na turubai utauzibaje na hata huuoni? Miaka hupita, mhandisi huitwa, naye huandika kwamba jengo ni bovu na ni hatari kwa umma. Linabomolewa, na mahali pake huota ghorofa la vioo. Hapo hakuna aliyevunja sheria, maana sheria ya kulilinda jengo hilo haikuwapo.

Kuhusu rangi za kampuni, sisi wa Afrika Mashariki tungekuwa tumeshajifunza. Nchini Kenya, Kencell iligeuka Celtel mwaka 2004, Celtel ikawa Zain mwaka 2008, na Zain ikawa Airtel mwaka 2010. Kila jina lilikuja na rangi yake, na kila rangi ilikuja na jeshi la mafundi wenye ngazi na ndoo, wakapaka maduka ya Kisumu hadi Kwale. Kuta zetu zilibadilishwa sura mara tatu katika miaka sita kwa maamuzi yaliyofanywa katika vikao vya wenye hisa, mbali kabisa na wenye kuta. Biashara ile ya mwaka 2010 haikuhusu Sudan, kwa hiyo jina la Zain lilibaki Juba. Lakini Juba nayo ina kisa chake. Vivacell ilisimamishwa mwezi Machi mwaka 2018 kutokana na mvutano na serikali juu ya malipo ya leseni. Simu zilizima siku ile ile. Rangi ya ukutani haizimwi kwa amri ya wizara.

Kwa nini basi Baraza la Jiji lisichukue hatua? Hapa ndipo penye kiini cha mambo, na ningependa tupatazame bila kuoneana haya. Kibao ni mapato. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 2009 iliwapa viongozi wa miji na kaunti nafasi ya kutunga sheria ndogo na kukusanya ada zao wenyewe, na katika nchi ambayo mishahara ya watumishi wa umma huchelewa kwa miezi, ada ya kibao ni fedha ya haraka isiyohitaji kusubiri hazina kuu. Sasa ikiwa bango kubwa hulipa zaidi ya kibao kidogo, kama ilivyo desturi katika miji mingi ya kanda yetu, mlinzi wa mji hufaidika kila mji unapozidi kufunikwa. Humwekei fisi bucha halafu ukamlaumu kwa kula nyama. Dawa yake ni kugeuza hesabu: katika mitaa ya kale kibao kidogo kilipiwe kidogo au kisilipiwe kabisa, bango kubwa likatazwe badala ya kutozwa, na pengo la mapato lizibwe na mabango ya barabara kuu zinazotoka nje ya mji, ambako hakuna jengo la kale la kufunikwa.

Wengine wameshapita njia hii, na si wote waliofika salama. Jiji la São Paulo nchini Brazili lilipitisha sheria mwaka 2006, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2007, ya kupiga marufuku mabango yote ya barabarani na kupunguza vibao vya maduka. Wenye mabango walilia kwamba uchumi utaanguka. Mabango yapatayo 15,000 yaliteremshwa, na jiji lile halikufa njaa. Hata hivyo São Paulo ina polisi, mahakama na wakaguzi wa kutosha, kwa hiyo sisemi Juba iige marufuku ya mji mzima. Ikijaribu, sheria itabaki kwenye karatasi na mkaguzi atapata njia mpya ya kula.

Karibu na nyumbani, Mji wa Kale wa Mombasa ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990, ukawa na ofisi na kanuni zake. Mwaka 2018 serikali ya kaunti iliagiza majengo ya katikati ya mji na ya Mji wa Kale yapakwe nyeupe na buluu. Nia ilikuwa njema, kwani rangi za kampuni zilikuwa zimekithiri. Lakini kuupaka mji mzima rangi moja ni kosa lile lile la kampuni, tofauti ni kwamba mara hii mwenye ndoo ni serikali. Nyumba ya Mswahili, duka la Mhindi na ofisi ya Mwingereza havikuwahi kufanana, na uzuri wa mahali pale ulitokana na kutofanana huko.

Zanzibar imekuwa na Mamlaka ya Mji Mkongwe tangu mwaka 1985 na sheria ya hifadhi tangu mwaka 1994, kisha ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Pamoja na hayo yote, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib iliporomoka ikaua watu wawili. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba kusafisha uso wa jengo kunatosha. Kibao kikiondolewa na paa likaachwa livuje, tumepata maiti iliyooshwa vizuri.

Mfano unaonivutia zaidi ni Asmara, iliyoingia katika orodha hiyo mwaka 2017. Ni mji wa enzi ya wakoloni Waitaliano, na majengo yake mengi ni rika moja na maduka ya Wagiriki wa Juba. Cinema Impero ni ya mwaka 1937, kituo cha petroli cha Fiat Tagliero ni cha mwaka 1938. Katika majengo hayo mawili jina la biashara ni sehemu ya jengo lenyewe, limepimwa pamoja na nguzo na madirisha. Ondoa herufi zile na jengo litaonekana kama mtu asiye na nyusi. Hilo lisahaulike na tutakuja kukwangua hata maandishi ya kale yanayostahili kubaki. Ukutani Juba mtu akikuta jina la mfanyabiashara wa zamani chini ya tabaka tatu za rangi, alitunze kama anavyotunza jiwe la kaburi.

Nimefika sasa mahali pagumu. Juba si Asmara kwa jambo moja: hapa neno la kuupendeza mji linatisha. Mwaka 2009 serikali ya Ekwatoria ya Kati iliendesha ubomoaji mkubwa mjini, na maelfu ya watu wakapoteza nyumba na vibanda vyao. Kuna mama leo anauza chai chini ya mwembe ambaye akisikia “sheria mpya ya kupanga mji” hukusanya birika na vikombe kabla hajasikia sentensi inaisha. Ana sababu. Mji huu ulianza kwa kuwahamisha wenyeji, kisha Waingereza wakaugawa viwanja kwa madaraja, wenye uwezo wakipata vikubwa vya muda mrefu na maskini vidogo vya muda mfupi. Tangu hapo kila mpango wa mji umemkuta maskini akiwa mahali pasipofaa.

Kwa hiyo sheria ya vibao ikiandikwa ovyo, itaanza na mama wa chai na kinyozi aliyeandika jina lake kwa brashi juu ya ubao. Hao ndio rahisi kuwafukuza. Mwenye bango la mita kumi ana wakili, na pengine ana jenerali. Ningependa sheria hiyo iseme waziwazi, katika kifungu chake cha kwanza, kwamba haimhusu mchuuzi asiye na ukuta, na kwamba hakuna askari wa jiji anayeruhusiwa kuchukua bidhaa au kuvunja kibanda kwa kisingizio cha kibao. Bila kifungu hicho, mimi mwenyewe ningeipinga.

Vifungu vingine havihitaji wataalamu kutoka Ulaya. Kibao kisizidi upana wa mlango wa duka. Kilale bapa juu ya ukuta, kisichomoze barabarani. Kisizibe baraza, tao wala dirisha. Nyumba nzima isipakwe rangi ya kampuni. Kiwekwe kwa misumari michache iliyopigwa kwenye lipu inayoweza kuzibwa, au kisimame juu ya nguzo zake. Nimechagua mlango kuwa kipimo kwa makusudi, maana kila mtu anaona mlango: askari hahitaji futi, wala mwenye duka hahitaji kubishana naye juu ya sentimita. Biashara zilizopo zipewe muda wa kutosha, tuseme hadi leseni ya mwaka unaofuata, ili hakuna atakayeamka akute bango lake liko juu ya lori.

Sheria ya namna hii ingekuwa na wafaidika ambao hawatajwi kamwe. Mafundi wa kuchora herufi kwa mkono walikuwa na kazi katika kila mji wa Afrika Mashariki hadi mashine za kuchapisha turubai zilipowapokonya brashi. Kibao cha upana wa mlango ni kazi ya fundi. Bango la ghorofa mbili ni kazi ya mashine, mara nyingi iliyoko Kampala au Nairobi, na fedha huenda huko huko.

Wapo watakaosema kwamba nchi iliyopita katika vita vya Desemba 2013 na mapigano ya Julai 2016 ndani ya Juba yenyewe, nchi ambayo bado inahangaika kutekeleza mkataba wa amani wa Septemba 2018, haina nafasi ya kuzungumzia upana wa vibao. Nawaelewa. Lakini sheria hii haiombi fedha ya dawa wala ya mahindi. Kuteremsha bango ni rahisi kuliko kulipandisha. Tena vita vimeondoa mengi mno: nyaraka za nchi hii ziliwahi kukaa miaka ndani ya hema mjini Juba kwa kukosa jengo. Nchi ambayo karatasi zake ziliponea hemani isitupe na kuta zake.

Wapo pia wanaosubiri Ramciel. Mwezi Septemba 2011, miezi miwili tu baada ya uhuru wa tarehe 9 Julai, serikali iliamua kwamba makao makuu yatahamishiwa huko, na tangu wakati huo kuna watu wanaoichukulia Juba kama nyumba ya kupanga ambayo hakuna haja ya kuifagia. Ramciel ikijengwa, vizuri. Juba itabaki na watu wake, na itahitaji sababu ya mgeni kuitembelea kuliko inavyohitaji leo.

Mwaka 2016 Sudan Kusini iliridhia Mkataba wa Urithi wa Dunia, na mwaka 2017 ikapeleka majina matatu katika orodha ya awali: mandhari ya uhamaji wa wanyama ya Boma na Badingilo, kinamasi cha Sudd, na Deim Zubeir iliyokuwa kituo cha biashara ya watumwa. Chaguo lilikuwa zuri. Juba haikuwamo, na sioni kosa katika hilo, kwani mtaa mdogo wa maduka ya mawe hauna haja ya cheo cha dunia. Unahitaji orodha moja, iliyoandaliwa na Baraza la Jiji pamoja na wizara inayohusika na utamaduni na urithi, inayotaja majengo kwa mtaa na kiwanja, na inayobandikwa mahali ambapo mwenye nyumba na mpangaji wanaweza kuisoma. Bila orodha, kila afisa atakuwa na mji wa kale wake kichwani.

Mwisho niwageukie Wakenya wenzangu. Benki ya KCB ilifungua milango Juba mwaka 2006, Equity ikafuata mwaka 2009, na nyuma yao wakaja wenye hoteli, bima, maduka ya vifaa vya ujenzi na kampuni za usafirishaji. Mwaka 2016 Sudan Kusini ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, nasi tukaona mlango umefunguka zaidi. Sehemu nzuri ya vibao vinavyoning’inia katikati ya Juba vina majina tunayoyajua nyumbani. Kampuni hizo hazihitaji kusubiri sheria. Zina wasanifu, zina bajeti za matangazo, na zinajua jinsi ya kuweka kibao cha adabu penye kanuni, kwa sababu Mombasa na Lamu kanuni hizo zipo. Meneja mmoja akiamua mwaka huu kuteremsha turubai, kuziba mashimo na kuandika jina la benki yake kwa herufi zinazotoshana na mlango, jirani yake wa ng’ambo ya barabara ataona kwamba wateja hawakupotea njia. Kibali cha kufanya hivyo hakilipiwi popote.